Mabeseni ya Vasco da Gama

Bwana Mhariri,

Salamu kutoka Malindi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, najua mnapenda barua fupi lakini hii haitakuwa fupi, nisamehe mapema.

Nimesoma barua ya msomaji wenu mmoja aliyelalamikia zile muvi za vichekesho za enzi za kale, za wafalme na mapanga na makola makubwa ya Kizungu, enzi ya Renesansi, ule mwamko wa sanaa na elimu wa Ulaya wa miaka ya 1400 na 1500, na za kabla yake, akasema ati zinaharibu watoto, mtoto anatoka pale akidhani Mfalme Arthur alikuwa mwehu na Shakespeare alikuwa mtu wa kukimbizwa na wadai, na akamalizia kwamba historia si mahali pa mzaha. Mi ni fundi cherehani, si mwalimu wa historia, lakini hilo neno la historia si mahali pa mzaha nshalisikia kwa mtu mwingine kabla ya huyu, na siku hiyo liliniuma, ntaeleza huko mbele.

Kwanza tuanze na nazi.

Kuna muvi ya Waingereza ya mwaka 1975 inaitwa Monty Python and the Holy Grail. Inaanza na ukungu mzito alafu unasikia kwato za farasi zinakuja, ko-ko, ko-ko, ko-ko, unangoja farasi atokee, anatokea Mfalme Arthur na taji lake anarukaruka kwa miguu yake mwenyewe kama mtoto anayecheza, na nyuma yake yuko mtumishi kashika vifuu viwili vya nazi anavigonganisha. Farasi hakuna. Wale jamaa hawakuwa na pesa za kukodi farasi, basi wakachukua vifuu, na badala ya kuficha umaskini wao wakautia kwenye hadithi yenyewe, manake askari aliye juu ya ukuta anamuuliza mfalme hivyo vifuu kavitoa wapi na nazi haioti Uingereza, na kuanzia hapo ni ubishi tu, kama mbayuwayu anaweza kuibeba nazi akavuka nayo bahari au hawezi, na mfalme wa watu kasimama pale chini anangoja wamalize.

Mpwa wangu alituwekea hiyo muvi nyumbani, sebule imejaa, na sisi hatukucheka pale wanapocheka Wazungu. Wao nadhani wanachekea farasi asiyekuwepo. Sisi tulichekea nazi. Mke wangu alivitazama vile vifuu akasema hivyo vimekunwa vikaisha, angalia ndani vilivyo safi, na bibi mmoja jirani yetu ambaye akikaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi humuondoi akauliza kwa uchungu kabisa, "Na tui lake wamelipikia nini?" Hapo ndo nyumba ilipoanguka kwa vicheko, muvi ikabidi irudishwe nyuma manake hakuna aliyesikia kilichofuata.

Sasa nimuulize huyo msomaji, ni nani aliyetukanwa hapo? Arthur mwenyewe hata kuishi kwake watu wanabishania. Kinachochekwa ni mtu mkubwa mwenye shughuli kubwa aliyezuiliwa na swali dogo, na hilo halina enzi, liko hadi leo kwenye kila ofisi na kila harusi. Wazee walisema maji ya kifuu bahari ya chungu, basi hizi muvi zikiwa nzuri zinakuonyesha huyo chungu akiwa ndani ya kifuu chake, kavaa taji, anatafuta bandari.

Ya pili niliiona kwa mteja. Hapa Malindi Mtaliano si mgeni, tangu walipokuja na San Marco pale Ngomeni miaka ya 1960 kurusha setilaiti zao hawajatoka tena, wengine wamezeekea hapa, na vijana wetu wa ufukweni Kitaliano wanakiongea kuliko Kiingereza. Nina mteja mzee wa Kitaliano anayeleta suruali zake nizipunguze kiuno kila mwaka manake anazidi kukonda, siku moja stima ikakatika nikamwambia mzee subiri, akatoa laptopu yake yenye chaji akasema basi njoo tuangalie kitu. Ikawa Non ci resta che piangere, ya mwaka 1984, ya Roberto Benigni na Massimo Troisi, wameiandika wao, wameidairekti wao, wameicheza wao. Kitaliano changu ni cha vipimo na bei, lakini mzee alikuwa akinitafsiria kwa Kiswahili chake kile, na kusema kweli sikukosa kitu.

Ni watu wawili wa kawaida, mwalimu na mfanyakazi wa shule, wamekwama kwenye makutano ya reli wanangoja treni ipite haipiti, wanaingia njia nyingine, mvua inawakuta wanalala nyumba moja, wakiamka ni mwaka 1492. Yaani Renesansi yenyewe. Na mwalimu anaingiwa na wazo kwamba waende Spain wakamzuie Columbus asisafiri, na sababu yake wala si ya siasa, dadake aliachwa na Mmarekani. Kama hakuna Columbus hakuna Marekani, hakuna Marekani hakuna yule bwana. Hesabu imekaa sawa kabisa.

Kuna mahali wanapita kwenye kizuizi cha ushuru, afisa kakaa mezani hanyanyui hata kichwa, nyinyi nani, mnabeba nini, mnaenda wapi, fiorino moja, sarafu yao ya kale. Wanalipa wanapita. Kidogo wanalazimika kurudi, na yule afisa aliyewaona sa hiyo hiyo anaanza upya, nyinyi nani, mnabeba nini, fiorino moja. Tena na tena. Nilicheka mpaka nikashika meza, manake wiki hiyo hiyo mimi mwenyewe nilikuwa nimeingiza robota la vitambaa kwenye geti moja ambalo sitalitaja, nikalipa, nikakumbuka nimesahau mkoba wa mikasi kwenye tuktuk nje, nikatoka hatua kumi, kurudi kijana yule yule aliyenikatia tikiti ananiuliza "Mzee, umelipia mzigo?" na mzigo ameushika yeye. Nikamwambia yule mteja wangu, kumbe hawa wamekuwepo tangu 1492. Akaniambia hapana fundi, tangu Roma.

Alafu wanakutana na Leonardo da Vinci, yule mchoraji na mbunifu mkubwa. Hapo ndo utamu. Wamefurahi, huyu ni genyasi, tumwambie mambo ya kwetu tutajirike pamoja naye, wanaanza kumweleza treni, umeme, kipima joto, na kila kitu wanachoanza kueleza wanakwama, manake wamevitumia maisha yao yote na hawajui vinafanyaje kazi. Treni inakwenda kwenye reli, ee, kuna moto, kuna... na Leonardo anawatazama tu. Sitakwambia mwisho wake lakini huyo Leonardo si mjinga.

Nililala na jambo hilo siku tatu. Nikajiuliza mimi nikiamka kesho niko Malindi ile ya 1498 mbele ya mfalme, ntaeleza nini? Simu siwezi. Stima siwezi, nalipia tokeni tu. Lakini cherehani naweza, wallahi cherehani ntaieleza, ntamwambia fundi wa mfalme siri yote iko kwenye sindano, tundu lisikae nyuma kama sindano ya mkono, likae mbele penye ncha, uzi wa juu uingie ushikane na wa chini. Mengine mtajua wenyewe. Naona ningepewa hata kanzu ya hariri. Ndo maana nasema hizi muvi si upuuzi, hiyo moja ya kuchekesha ilinifanya niifikirie enzi ile kuliko miaka yote niliyokariri tarehe darasani.

Ya Shakespeare ntaipitia haraka, Shakespeare in Love ya 1998, hiyo ilibeba Oscar saba pamoja na ya nguo aliyopewa Sandy Powell, na mi niliiangalia kwa ajili ya nguo kwanza. Yale makola ya makunjo shingoni yalikuwa yanasimama kwa kanji, kanji hii hii tunayotia kanzu za Idi, na ukiona mhusika anageuza kichwa kwa shida ujue nguo imeshonwa sawa. Kichekesho chake kimekaa juu ya jambo la kweli, zama hizo Uingereza mwanamke haruhusiwi kuigiza kwenye steji za umma, Juliet anachezwa na kivulana, basi msichana anajibandika masharubu apate kuigiza, inatokea mwanamke anayejifanya mwanamume. Hiyo desturi haikubuniwa na mwandishi wa muvi. Na tukumbuke Shakespeare huyu sisi tumeshamchekea kwa Kiswahili, Mwalimu Nyerere alitafsiri Mabepari wa Venisi ikatoka 1969, na mwaka 2012 waigizaji kutoka Kenya walikwenda kwenye ukumbi wa Globe kule London wakaicheza ile ya wake wa Windsor kwa Kiswahili, wakaiita Wanawake wa Heri wa Winsa. Waingereza wamekaa pale kwao wanachekeshwa na mtu wao kwa lugha yetu. Huku kwetu sijui ni wangapi wana habari.

Haya, sasa nije kwa lililoniuma.

Miaka michache nyuma shule moja ya hapa jirani ilitaka kuigiza kuja kwa Vasco da Gama, yule nahodha Mreno aliyefika hapa 1498, kwenye mashindano ya drama, mwalimu akaniletea kazi ya mavazi. Alikuwa mwalimu wa kusoma, hakunipa picha ya kalenda, alinipa karatasi aliyonakili kutoka kwenye daftari la safari lililoandikwa na mmoja wa watu waliokuja na Vasco wenyewe. Nguo ya mfalme wa Malindi imeelezwa, joho la damaski limepigwa satini ya kijani pembeni, kilemba cha thamani, juu yake mwavuli wa satini nyekundu, viti viwili vya shaba nyeusi vyenye mito, na watu wanapuliza pembe mbili za ndovu zilizochongwa urefu wa mtu, zinapulizwa kwa tundu la ubavuni. Ndugu zetu wa Lamu na Pate hapo wameshajua ni siwa. Satini ya kijani niliitafuta Malindi nzima nikaikosa, nikaipata Mombasa, mita nne.

Na kwenye karatasi ile ile kulikuwa na zawadi alizoleta Vasco kwa mfalme. Nazitaja kama nilivyozisoma: koti moja, nyuzi mbili za marijani, mabeseni matatu ya kunawia, kofia moja, njuga ndogondogo, na vitambaa viwili vya mistari. Mfalme naye akampelekea kondoo sita na karafuu na bizari na tangawizi na kungumanga na pilipili manga. Soma tena hizo orodha mbili taratibu. Huyu kavuka nusu ya dunia, kaja na beseni.

Basi siku ya mashindano mabeseni tuliyanunua dukani, ya plastiki, mawili ya buluu na moja la pinki manake ya buluu yaliisha. Kijana aliyekuwa Vasco akayatoa kwa heshima zote, kapiga goti, kola langu limesimama vizuri kabisa, na yule aliyekuwa mfalme, mtoto wa miaka 14 mweusi mwembamba joho limemzidi, akalipokea la pinki, akaligeuza akatazama chini, akaligonga kwa kidole kusikiliza kama muhindi anayepima mtungi wa shaba, alafu akauliza kwa upole, "Na kata yake?"

Hiyo haikuwa kwenye skripti. Ukumbi mzima ukalipuka, walimu, watoto, hata Vasco mwenyewe kola likamlegea. Wakashindwa kuendelea kama dakika mbili.

Jaji mmoja akawakata maksi. Akasimama akasema historia si mahali pa mzaha, na mtu mzima anayetunga ati Vasco da Gama alileta mabeseni anawadanganya watoto. Mwalimu akajaribu kueleza kwamba mabeseni yameandikwa, hakusikilizwa. Watoto wakarudi kwenye basi kimya, mfalme wangu analia ndani ya joho la damaski, na mi nakwambia Bwana Mhariri kitu pekee cha kutungwa pale ilikuwa ni kata. Mabeseni ni ya kweli. Jaji alikikataa cha kweli manake kilichekesha, akaona cha kuchekesha hakiwezi kuwa cha kweli.

Na yale ya Malindi ni madogo, huyo Vasco alipofika Calicut, kule India, mwezi wa tano 1498 alitoa mengine kumpa mfalme wa huko, vitambaa 12, kofia sita, mabeseni sita tena, na sukari na mafuta na asali, na waliokuja kuzikagua zile zawadi walicheka pale pale, wakamwambia hata mfanyabiashara maskini kabisa wa kutoka Makka huleta zaidi ya hivi. Alikuwa na mabeseni mengi sana huyu mtu, sijui alidhani huku hatuogi. Tena hapa hapa Malindi mabaharia wa Kihindi walipopanda jahazi lake wakaonyeshwa picha ya kanisani walisujudu, na siku nyingine alipopita na mashua walisikika wakiita, na Wareno wakafurahi wakaandika kwamba wanaita Kristo, Kristo, wamepata Wakristo wenzao, kumbe wengi wanaamini waliita Krishna. Komedi gani unataka tena? Imejiandika.

Sisemi kila kitu kichekwe, hapo tuelewane. Mwaka 1505 Wareno hao hao waliipora Mombasa na kuichoma, kabla yake Kilwa, hiyo mi sitaki kuona mtu akiifanyia vituko, au labda niseme aifanyie mtu wa Mombasa mwenyewe akitaka. Mel Brooks ambaye ni Myahudi alitoa muvi mwaka 1981 akayafanya yale mahakama ya dini ya Spain, yaliyotesa Wayahudi wa zamani, kuwa wimbo na densi, na wapo waliochukia, lakini aliyeumizwa akiamua kumcheka aliyemuumiza mi nani nimkataze. Zile nisizozipenda ni nyingine, zile za kumvalisha mtu nguo za kale alafu kichekesho chote ni kujamba na matusi ya kisasa, hizo ungezivua nguo zile ukaziweka leo zisingebadilika kitu, hasara ya kitambaa.

Ninachotaka ni kimoja, hawa vijana wetu wa pwani wanaotengeneza muvi na sinema fupi za simu, kila wakigusa zamani za hapa ni machozi na zeze, mzee kakaa chini ya mbuyu anasimulia. Wachukue Malindi. Wasianze hata na Vasco, waanze na twiga. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa China, Mfalme Yongle mwenyewe akatoka kwenye lango la kasri kumpokea kwa shangwe, wakamwona ni qilin, yule mnyama wao wa baraka wa kwenye hadithi. Sawa, hiyo ndo sehemu iliyoandikwa. Mi nataka ile ambayo haikuandikwa. Nani alitumwa kumkamata? Nani alimpandisha chomboni, na kwa ubao wa urefu gani? Tanga la chombo linageuzwa vipi na shingo ile imesimama katikati? Nahodha kaambiwa mzigo ni mnyama mmoja mpole anakula majani, hakuuliza urefu. Yuko kijana mmoja wa Malindi kazi yake ni kumlisha tu, kutoka hapa hadi China, mwezi juu ya mwezi, na akifika kule mfalme wa dunia nzima anamwinamia yule twiga na yeye kijana anaambiwa asogee pembeni.

Wataniambia bajeti. Twiga hakuna, jahazi ghali. Ndo maana nilianza na nazi, wale wa 1975 walikosa farasi wakapata muvi ambayo mpaka leo inachekwa Malindi, na vifuu huku kwetu tunawashia moto. Twiga ni magunia manne na paipu ya maji na vijana wawili wanaoelewana, mmoja mbele mmoja nyuma, na wasipoelewana ndo bora zaidi.

Nguo ntashona mimi, malipo tutaongea. Satini ya kijani imebaki kama mita moja na robo, joho liko limekunjwa kabatini na nondo hawajaligusa. Yule mfalme wangu sa hii yuko kidato cha nne, sauti imeshavunjika, juzi alipita hapa kukata suruali ya shule nikamuuliza bado anaigiza, akasema hapana. Lakini alipotoka alisimama mlangoni akaangalia juu ya kabati, akauliza la pinki liko wapi. Nikamwambia mke wangu kalichukua, anafulia.

Fundi cherehani,
Malindi